Umeme wa kambini uhesabiwe kuanzia kwenye laptopu, si kwenye paneli

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kiangazi kikishaingia, timu hutoka Dodoma mjini kwenda Bahi, Chemba, Kondoa, Mpwapwa na hata kuvuka hadi Manyoni: wapima ardhi, wakusanya takwimu, wanafunzi walio kwenye utafiti, watu wa chanjo, maofisa ugani, na siku hizi hata wapiga kambi wanaokwenda kuona michoro ya miambani Kolo huku wamebeba kazi ya ofisi mkobani. Karibu wote wana kompyuta mpakato, na wengi wanalala mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika. Ukiangalia karatasi ya manunuzi ya safari hizo, mstari wa umeme unasomeka hivi: "Seti ya sola, 1." Basi, hakuna zaidi.

Huo mstari ndio unaoua kazi. Muuzaji anaujaza anavyotaka: paneli yenye namba kubwa kwenye kibandiko, betri ya gari, inveta ya wati 1,000. Jioni ya siku ya pili laptopu zinazima, na lawama anabebeshwa jua. Jua la Dodoma halina kosa. Ukanda huu ni mkavu, uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine paneli iliyoelekezwa vizuri hupata kwa siku nishati inayolingana na saa tano hadi sita za jua kali. Kinachokosekana ni hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chaja ya laptopu imeandikwa wati 45, 65 au 90. Hiyo ni nguvu ambayo chaja inaweza kutoa, si ile laptopu inayotumia muda wote. Laptopu ya kawaida ya ofisi, mtu akiwa anaandika na mwanga wa kioo umepunguzwa hadi nusu, hutumia wati 8 hadi 15. Akifungua ramani, majedwali makubwa au simu ya video, inapanda hadi 20 au 35. Kwa kupanga safari chukua wastani wa wati 25. Mara saa sita za kazi ni wati-saa 150 kwa laptopu moja, 300 kwa mbili. Simu tatu, kila moja wati-saa 15, ni 45. Rauta ya laini ya wati 6 ikiwaka saa 10 ni 60. Taa ya wati 5 kwa saa nne ni 20. Jumla 425. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla mtu hajatamka neno paneli.

Kabla ya kuondoka, pima pia betri ya laptopu yenyewe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili inayotajwa hapo. Utaona namba mbili: uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo iliobaki nao sasa. Betri iliyokuwa na wati-saa 50 ikabaki na 18 haitafika hata saa moja kwenye kazi nzito, na hakuna paneli itakayoponya hilo. Badilisha betri mjini, au mwenye laptopu hiyo ajue kwamba atafanya kazi akiwa amechomeka wakati wote.

Sasa tuje kwenye inveta, maana hapa ndipo umeme mwingi unapopotea bila mtu kuona. Betri ina volti 12 za umeme mnyoofu (DC). Inveta inazipandisha kuwa volti 230 za umeme wa nyumbani. Halafu chaja ya laptopu inazishusha tena kuwa volti 19 au 20, umeme mnyoofu uleule. Kila hatua inakula kama asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo robo ya umeme wako inaishia kuwa joto. Laptopu mbili zilizohitaji wati-saa 300 zinavuta 400 kutoka kwenye betri. Na hilo si baya zaidi. Inveta ya wati 1,000, hata ikiwa haina kitu kilichochomekwa, inakula kama wati 8 ili iwe macho tu. Ukiiacha imewashwa usiku na mchana, ni wati-saa 192 kwa siku, zaidi ya laptopu nzima. Feni inalia, taa ya kijani inawaka, kila mtu anadhani umeme umetulia pale, kumbe unavuja.

Dawa ni kuchaji moja kwa moja kutoka volti 12. Laptopu inayopokea chaji kwa tundu la USB taipu-C inahitaji chaja ya gari yenye mfumo wa PD (chaja na laptopu hukubaliana volti za kutumia), wati 65 au 100, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Mambo mawili yanaangusha watu hapa. La kwanza, si kila tundu la taipu-C linapokea chaji. Mengine ni ya data tu. Jaribu nyumbani. La pili ni waya. Waya wa kawaida wa taipu-C unabeba ampea 3, maana yake mwisho wake ni wati 60. Ukitaka 100 lazima uwe waya wa ampea 5, na huo una kijichipu ndani kinachoiambia chaja kwamba unaweza. Chaja ya wati 100 ikiunganishwa kwa waya wa simu itajishusha yenyewe, na mtu ataanza kuilaumu chaja.

Laptopu zenye plagi ya duara zinahitaji chaja ya gari inayopandisha volti 12 kuwa 19 au 19.5, yenye kichwa kinachoingia sawasawa. Dell na HP nyingi zina sindano nyembamba katikati ya plagi, ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja. Ukitumia chaja isiyojitambulisha, Dell itawaka lakini itakataa kujaza betri na itapunguza kasi ya prosesa. Mtumiaji anaona mashine imekuwa nzito tu. Nunua chaja iliyotengenezwa kwa chapa hiyo, au kichwa kinachobeba utambulisho.

Kwa njia hii upotevu ni kama asilimia 10. Wati-saa 300 zinakuwa 333, badala ya 400 pamoja na zile 192 za inveta kukaa bure. Linganisha 333 na 592, uone kwa nini timu mbili zenye paneli sawa zinarudi na habari tofauti. Kama kuna kifaa kisichokubali njia hii, mathalani printa ndogo, beba inveta ya wati 150 au 300, iwashe kazi inapofanyika na kuizima ikiisha.

Betri. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini, kisha kujazwa papo hapo. Ukiifanyisha kazi ya kuishiwa nusu kila usiku, ndani ya miezi michache sahani zake zinakufa. Betri ya risasi ya sola inavumilia zaidi, lakini nayo usiishushe chini ya nusu: yenye Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi na 600 za kutumia, na ina uzito wa karibu kilo 30. Betri ya lithiamu fosfeti, ile yenye volti 12.8, ya Ah 50 tu, ina wati-saa 640, unaweza kutumia zaidi ya 500, na mtu mmoja anaibeba kwa mkono kwa sababu ina kilo tano au sita. Kwa mahitaji yetu ya 425, hiyo inatosha usiku mmoja na inabakiza akiba, hasa ukizingatia kuwa sehemu kubwa ya kazi hufanyika mchana wakati paneli inazalisha. Bei yake ni kubwa zaidi siku ya kununua. Ukigawa kwa miaka itakayodumu, inageuka kuwa nafuu.

Betri ya risasi unaweza kuisoma kwa multimita, kipimo cha volti na ampea, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, 12.0 umeshapita mpaka. Ya lithiamu haisomeki hivyo. Volti yake inakaa karibu 13.2 kwa muda mrefu kisha inaanguka ghafla. Hiyo inahitaji kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kuhusu betri ya gari lililowaleta: mpango uwe kutoigusa betri hiyo wakati injini imezimwa. Gari lisilowaka asubuhi porini ni tatizo kubwa kuliko ripoti iliyochelewa. Gari likiwa linatembea, chaji kila kitu bila huruma. Betri ya bodaboda ni ndogo mno, iacheni ifanye kazi yake.

Neno fupi kuhusu pawabanki. Zimeandikwa mAh (miliampea-saa) kwa sababu namba inaonekana kubwa. Zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000, upate wati-saa. Ya 20,000 ni wati-saa 74, na zinazofika kwenye laptopu ni kama 60: chaji moja kamili kwa laptopu nyingi. Ile ya mfukoni iliyoandikwa 100,000 ingekuwa na wati-saa 370, na betri za ndani peke yake zingekaribia kilo mbili. Ipime kwenye mizani ya duka la nyanya, utapata jibu.

Paneli nazo zina uongo wake, na hizi hazihitaji mizani, zinahitaji futi ya fundi seremala. Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita mraba. Paneli nzuri za sasa zinageuza asilimia 18 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya kweli ya wati 100 lazima iwe na takriban nusu mita mraba ya seli, kwa mfano sentimita 100 kwa 55. Ukikuta iliyoandikwa wati 200 na ukubwa wake ni wa sinia la pilau, irudishe. Kisha ipime. Iweke juani mchana, soma volti bila kuunganisha kitu: paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 inatoa 21 hadi 23. Hamisha waya wa multimita kwenye tundu la ampea 10, gusisha ncha zake mbili kwenye waya mbili za paneli kwa sekunde chache, na usome 5.5 au 6. Volti peke yake haitoshi, kwa sababu hata paneli mbovu inaweza kuonyesha volti nzuri. Ampea ndizo zinazosema ukweli. Ukimaliza rudisha waya wa multimita kwenye tundu la volti kabla hujaigusa betri, la sivyo fyuzi ya multimita inakatika palepale, na isiyo na fyuzi inaungua.

Usitegemee wati 100 kutoka paneli ya 100. Seli zikifika digrii 65, jambo la kawaida hapa mwezi Oktoba, kama asilimia 15 imeshaondoka kwa sababu ya joto peke yake. Acha upenyo wa hewa chini ya paneli. Ukiilaza juu ya bati la paa la gari unaichemsha. Ongeza vumbi, waya na kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri), na hesabu ya haki ni asilimia 70. Wati 100 mara saa 5.5 mara 0.7 ni wati-saa 385. Haizifikii 425 zetu. Paneli mbili za 100 zinatoa 770, nazo zinabeba siku ya mawingu mepesi. Siku ya mawingu mazito ya Januari zinaweza kutoa robo ya hapo au chini yake, na masika yanahitaji mpango mwingine kabisa, kuanzia na barabara.

Kuelekeza paneli: watu wanarudia kauli ya "elekeza kaskazini" mwaka mzima. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana linaegemea kaskazini, kama digrii 29 kutoka utosini, kwa hiyo inamisha paneli kaskazini kwa kiasi hicho. Mapema Oktoba na mapema Machi linapita utosini, laza paneli karibu tambarare. Desemba liko kusini, digrii 17. Na kilele cha jua hapa si saa sita kamili. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ulio mashariki zaidi, kwa hiyo jua linafika juu kabisa kati ya saa sita na dakika ishirini na saa saba kasoro kumi, kutegemea mwezi. Laptopu zilizoishiwa zichajiwe kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, wakati kila moja ikivuta wati 45 au 60 paneli inazibeba bila kuigusa betri. Wengi hufanya kinyume: mchana wanatumia betri ya laptopu, usiku ndio wanachomeka zote kwa pamoja.

Hema likae kivulini, paneli ikae juani. Kivuli cha tawi moja la mgunga kikiangukia seli chache kinaweza kuondoa nusu ya umeme wa paneli. Mbuyu wa kiangazi hauna majani, lakini matawi yake yanachora mistari ya kivuli ambayo inatosha kuharibu. Kwa hiyo unahitaji waya mrefu, tuseme mita 15, na waya mrefu kwenye volti ndogo ni mwizi. Paneli mbili zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinatoa ampea 11. Kwenye waya wa milimita mraba 4, kwenda na kurudi, unapoteza volti 1.5 kati ya 18, asilimia 8. Ukiziunganisha kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti zinakuwa 36, ampea zinabaki 5.5, na upotevu unashuka hadi asilimia 2. Ila sasa lazima kontrola iwe ya MPPT, aina inayogeuza volti za juu za paneli kuwa ampea zaidi za betri, na ikubali volti za kutosha: paneli mbili zisizo na mzigo zinafika volti 44, asubuhi ya baridi zaidi ya hapo. Kontrola yenye kikomo cha 50 iko ukingoni. Chukua ya 75 au 100, ampea 20.

Kontrola za bei ndogo, zile za PWM, zinaishusha paneli hadi volti ya betri. Ampea 5.5 mara volti 13 ni wati 72, zilizobaki zimepotea. Kwa paneli moja ndogo iliyo karibu na betri zinafaa. Na tahadhari: nyingi zimeandikwa MPPT kwenye boksi huku ndani ni PWM. MPPT ya kweli ya ampea 20 ni nzito mkononi kwa sababu ina koili kubwa ndani na sahani ya alumini mgongoni.

Mpangilio wa kuunganisha usibadilishwe. Betri kwanza kwenye kontrola, kisha paneli, kisha mzigo. Kufungua ni kinyume: mzigo, paneli, mwisho betri. Kontrola inapoamka huiangalia betri ili ijue kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Ikikuta paneli bila betri, inakosea au inaungua. Fyuzi iwe kwenye waya chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri, si mwisho wa waya, kwa sababu inalinda waya wote unaofuata. Inveta isifungwe kwenye matundu ya mzigo ya kontrola, yale yenye alama ya taa; hayo mara nyingi ni ya ampea 10 au 20, na inveta ikiamka inavuta zaidi. Ifungwe kwenye betri yenyewe kupitia fyuzi yake. Vibanio vya meno vya kubana betri ni vya kujaribia, si vya kulalia usiku. Tumia vichwa vya waya vilivyobanwa kwa koleo na kukazwa kwa nati. Kwenye betri ya lithiamu, weka kontrola kwenye mpangilio wa lithiamu, volti 14.2 hadi 14.4, na zima ile hatua ya kusawazisha ya betri za risasi. Ukiiacha, volti inapanda, kinga ya ndani ya betri inakata ghafla mchana kweupe, na watu wanasema betri imekufa.

Vumbi lifutwe asubuhi kwa kitambaa chenye maji kabla paneli haijapata moto. Paneli ifungwe kwa kamba kwenye mawe. Kimbunga cha vumbi cha saa nane mchana kinainua paneli ya kukunja kama kanga iliyoanikwa. Betri isikae chini kwenye udongo, kwa sababu ya mchwa na maji, wala ndani ya gari lililofungwa juani. Lithiamu haitaki kuchajiwa ikiwa imezidi digrii 45, na hiyo ni pamoja na betri ya laptopu uliyoiacha kwenye kiti cha mbele.

Kuna wanaosema haya yote ni ya nini wakati jenereta ndogo ya petroli ipo. Jenereta ya wati 800 inaweza kunywa kama nusu lita kwa saa hata ikibeba laptopu mbili tu, na zile za bei rahisi volti yake inayumba, hasa mafuta yanapokaribia kwisha. Ukilazimika kuitumia, ijaze betri ya kambi kupitia chaja yake kwa saa chache, halafu uizime. Laptopu zichaji kutoka kwenye betri.

Tuje kwenye intaneti. Kosa la kwanza ni kununua bando kubwa la mtandao mmoja kabla ya kufika. Mnara wa kijijini mara nyingi unabeba kampuni moja au mbili, na yenye nguvu mjini inaweza kuwa haipo kabisa nyuma ya kilima. Beba laini mbili za kampuni tofauti, zilizosajiliwa kwa jina la anayezitumia (piga *106# uhakiki), na bando liwekwe baada ya kupima.

Kupima si kuhesabu vijiti vya mtandao. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini. Utaona namba yenye dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, na ni hasi. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inafanya kazi, -110 inasuasua, -120 ni kama hakuna. Kila nukta 3 ni mara mbili ya nguvu, kwa hiyo kutoka -112 hadi -103 ni mara nane, si mabadiliko madogo. Tembea na simu hatua kwa hatua. Kwenye miamba ya granaiti ya huku, kuhama mita 20 tu kutoka nyuma ya jabali kunabadilisha kila kitu.

Kimo ndicho dawa kuu. Kwenye mbuga tambarare kama za Bahi, mnara wa mita 40 na simu iliyo mita 2 kutoka ardhini vinaonana mpaka kama kilomita 32, kwa sababu ya mviringo wa dunia. Ukipandisha hadi mita 10 inafika 39. Kilima kikiwa katikati, hesabu hiyo haifai kitu. Hapa tunawaona watu wakinunua antena nzuri, wakaifunga juu ya mlingoti, kisha wakashusha waya mwembamba wa mita 10 hadi kwenye rauta mezani. Waya ule kwenye masafa ya megahezi 1800 unakula karibu desibeli moja kwa kila mita. Antena imeongeza 9, waya umekula 9. Pandisheni rauta yenyewe juu, kwenye boksi la plastiki lenye kivuli na tundu la hewa upande wa chini, antena ziunganishwe kwa waya wa nusu mita, na kinachopanda mlingotini kiwe umeme wa volti 12. Antena ziwe mbili, moja imelala digrii 45 kulia na nyingine 45 kushoto, kwa sababu 4G inatumia njia mbili kwa pamoja. Betri inapochajiwa inafika volti 14.4, hivyo weka kidhibiti cha kushikilia volti 12 kabla ya rauta.

Bila rauta, simu iliyofungwa juu ya mti ikatoa hotspoti inafaa, waifai inashuka mita 30 bila shida mahali peupe. Iwe kivulini. Simu iliyopata moto inakataa kuchaji kwanza, halafu inazima hotspoti. Mawimbi yakiwa dhaifu simu inarukaruka kati ya 4G na 3G na kila mruko unakata unachotuma. Ifunge kwenye 4G peke yake, ukijua kwamba kwenye laini zisizopitisha simu za sauti kwa 4G hutapigiwa mpaka uirudishe.

Vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa mtandaoni vinaweza kuvuruga mnara wa kijiji kizima. Visinunuliwe bila kuuliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Vilevile kwa sahani za setilaiti, ruhusa kwanza. Na tukumbushe hesabu: sahani ya ukubwa wa kawaida inakula wati 50 hadi 75 muda wote ikiwa imewashwa. Saa nane ni wati-saa 400 hadi 600. Mfumo wote tulioupanga juu unaliwa na kifaa kimoja.

Bando linaisha kwa mambo ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwenye Windows, fungua sifa za mtandao huo wa waifai na uutie alama kwamba ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Masasisho makubwa yatasubiri. Simamisha OneDrive na wenzake. Takwimu zikusanywe kwa programu kama ODK au KoboToolbox zinazohifadhi fomu bila mtandao na kuzituma baadaye, na zitumwe usiku wa manane au alfajiri, mnara ukiwa hauna msongamano. Simu ya video inaweza kula gigabaiti moja kwa saa. Sauti peke yake haifiki sehemu ya kumi ya hapo.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa manunuzi. Kwa timu ya watu watatu wenye laptopu mbili, uandikwe hivi: paneli mbili za kukunja za wati 100, kila moja isiyopungua nusu mita mraba ya seli, kontrola ya MPPT ya ampea 20 inayokubali volti 75 au zaidi, betri ya lithiamu fosfeti ya volti 12.8, Ah 50, yenye kinga ya ndani, mita 15 za waya pacha wa milimita mraba 4, fyuzi ya ampea 25 kwa njia ya kontrola na ya 15 kwa njia ya chaja, pamoja na tatu za akiba kwa kila aina, chaja mbili za gari za PD wati 65 au za plagi ya laptopu iliyopo, rauta ya laini yenye matundu mawili ya antena, multimita. Na kabla ya mzabuni kulipwa, mfumo ufunguliwe uani kwa ofisi yenyewe, siku ya jua, saa saba mchana. Paneli zipimwe ampea moja baada ya nyingine. Betri iliyojaa itolewe kwenye kontrola, ifungwe laptopu zile zile zitakazosafiri zikiwa zimeishiwa, zifanye kazi saa sita bila paneli. Zikizima kabla ya saa hizo, mzigo urudi dukani siku hiyo hiyo, gari likiwa bado halijajazwa mafuta.

Mafundi wa umeme wa jua na mitandao,
Dodoma